Viatu vya Baba katika Sura ya Nne

Sura ya nne ya tasnifu yangu ya uzamili ilinirudia kutoka kwa msimamizi wangu ikiwa imeandikwa pambizoni, kwa wino wa kijani, swali moja lililokaririwa mara 31: "Ushahidi uko ukurasa gani?" Nilikuwa nimeishughulikia sura hiyo kwa miezi saba, usiku baada ya kazi ya kufundisha, katika chumba cha juu cha nyumba yetu Kibokoni, Mombasa, ambamo joto la Februari halitoki hata madirisha yote yakiwa wazi. Nililia, wala sioni haya kulisema. Ninaandika haya kwa ajili ya mwanafunzi yeyote wa fasihi anayejiandaa kuwahakiki wahusika wa riwaya kwa nadharia ya uchanganuzi nafsia, yaani ile inayochunguza matamanio na hofu zilizofichika ndani ya nafsi ya mtu, kwa sababu makosa niliyoyafanya ni ya kawaida, na karibu yote yangeepukika lau mtu angenieleza mapema kwamba mhusika hawezi kulazwa kitandani kama mgonjwa akaulizwa habari za utoto wake.

Riwaya niliyoichagua ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1971. Wengi wanaijua. Rosa, binti mkubwa wa Zakaria na Regina wa Ukerewe, anapigwa vibaya na babake kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana aitwaye Charles. Anapokwenda shule ya sekondari ya wasichana anakuwa mwoga wa wanaume. Baadaye, akiwa chuo cha ualimu Morogoro, mbali na jicho la baba, anajiachilia kabisa. Na mwishowe, baada ya Charles aliyetaka kumwoa kumkataa kwa kuwa si bikira, anajiua. Katika pendekezo la utafiti niliandika kwamba nimeichagua riwaya hiyo kwa sababu kuna pengo la kitaaluma. Ukweli ni kwamba niliisoma nikiwa na umri wa miaka 16, nikiificha chini ya godoro kwa kuwa baba hakuruhusu vitabu vya hadithi nyumbani, na tangu siku hiyo Zakaria hakunitoka akilini. Laiti ningeliandika jambo hilo katika daftari langu la siri kabla ya kuandika pendekezo, ningejiokolea mwaka mzima. Nadharia nyingine za uhakiki zinaweza kumvumilia mtafiti asiyejiuliza kwa nini amevutwa na mhusika fulani. Hii haimvumilii.

Nadharia yenyewe niliijua kwa muhtasari wa darasani. Nilijua kwamba Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyezaliwa mwaka 1856 na kufariki London mwaka 1939, aliigawa nafsi ya mtu katika sehemu tatu, yaani idi inayotamani, ego inayojaribu kuishi na watu, na supaego inayokataza na kuhukumu. Sikuwa nimesoma hata insha yake moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo nilizichukua sehemu hizo tatu nikawagawia wahusika kama mtu anayegawa sare za shule. Zakaria nilimpa supaego kwa kuwa anakataza, Regina nikampa ego kwa kuwa anavumilia na kusuluhisha, na Rosa wa Morogoro nikampa idi kwa kuwa anafuata matamanio yake. Nikachora jedwali. Jopo lililosikiliza pendekezo langu lilisifu jedwali hilo, na sifa hizo ziliniumiza kuliko ambavyo lawama ingeniumiza, maana zilinitia moyo nijenge sura nzima juu ya msingi uliopinda.

Kupinda kwake nilikuja kukuona baadaye, nilipokaa na kitabu chenyewe cha mwaka 1923 ambamo Freud alizieleza sehemu hizo tatu kwa pamoja. Humo anaifananisha ego na mtu aliyepanda farasi mwenye nguvu kumzidi, ambaye mara nyingi hulazimika kumwelekeza farasi huyo kule ambako farasi mwenyewe anataka kwenda. Mpandaji na farasi wamo ndani ya mtu mmoja. Mvutano anaouzungumzia si wa baba na binti, ni wa mtu na nafsi yake, na mhakiki anayeligawa jambo hilo kwa wahusika watatu tofauti amekwisha kulipoteza. Mtazame Zakaria: anamwadhibu bintiye kwa ukali usio kifani, na wakati huohuo yeye mwenyewe hawezi kuikataa pombe. Huyo si supaego inayotembea kwa miguu miwili. Ni mtu mzima aliye na sehemu zote tatu, zikiwa zimegombana vibaya, na ugomvi wake ndio unaomwangukia Rosa.

Jambo jingine lililonisaidia lilihusu lugha. Freud aliandika kwa Kijerumani cha kila siku. Sehemu hizo aliziita kwa maneno ambayo mtoto wa Kijerumani anayajua, Es, Ich na Über-Ich, ambayo kwa Kiswahili chepesi yangekuwa kama Lile, Mimi, na Mimi-wa-juu. Waliomtafsiri kwa Kiingereza, James Strachey akiwa mmoja wao, ndio waliozipa sura ya Kilatini ambayo sisi tumeirithi. Katika tasnifu niliendelea kutumia idi, ego na supaego kwa kuwa ndiyo istilahi inayojulikana katika vyuo vyetu, lakini kila nilipokwama nililazimika kujieleza mwenyewe bila istilahi: kuna kitu ndani ya Rosa kinachotaka, kuna yeye anayejaribu kuishi na watu, na kuna sauti inayomtazama kutoka juu na kumhukumu. Nikishindwa kuieleza sentensi yangu kwa maneno hayo matatu, niliifuta. Nilifuta nyingi.

Kuna mtego ambao ni wetu zaidi sisi tuliolelewa madrasani, na nitaueleza kwa urefu kidogo kwa sababu nimekwisha kuwaona wanafunzi wengine wawili wakiukaribia. Kurani inataja nafsi inayoamrisha maovu katika sura ya Yusuf aya ya 53, nafsi inayojilaumu katika sura ya Al-Qiyama aya ya 2, na nafsi iliyotua katika sura ya Al-Fajr aya ya 27. Ammara, lawwama, mutmainna. Tatu kwa tatu! Niliandika kurasa 11 kuonyesha kwamba idi ndiyo ammara, supaego ndiyo lawwama, na ego ndiyo mutmainna, na niliona fahari kubwa, nikidhani nimeleta jambo ambalo ni mtu wa pwani tu angeweza kulileta. Msimamizi wangu, mtu mpole aliyesoma pande zote mbili, alizipiga kurasa zote 11 mstari mmoja wa mshazari, kisha akaniita ofisini kwake tukazungumza karibu saa nzima.

"Mwanangu," aliniambia, "nafsi mutmainna imefika. Hiyo ego yako imefika wapi?"

Sikuwa na jibu, na nilipokwenda kusoma nikaona ni kwa nini. Nafsi iliyotua ni daraja ambayo mja huipanda kwa kujizuia na kumwelekea Mola wake. Kuna safari, na safari hiyo ina mwisho. Ego ya Freud haifiki popote. Katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1933 anaieleza kuwa ni mtumishi wa mabwana watatu wakali, yaani ulimwengu wa nje, supaego na idi, na haina siku ya kupumzika. Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Nafsi inayojilaumu hulaumu ili mtu arudi, na mlango wa toba uko wazi mbele yake. Supaego inaweza kumlaumu mtu ambaye hajafanya kosa lolote, tena ikaendelea kumlaumu hadi imwangamize. Nilipozifuta kurasa zile nilihisi kama nimekatwa mkono, lakini tofauti hiyo ya pili ndiyo iliyokuja kunipa hoja kuu ya tasnifu. Kwa hiyo simwambii mtu asilinganishe. Ninamwambia alinganishe mpaka aone pale ambapo vitu viwili vinaachana, aanzie hapo kuandika.

Bado nilikuwa sijalielewa lile swali la ukurasa. Aliyenielewesha ni bibi yangu, mzaa mama, ambaye hakusoma shule. Jioni moja tulikuwa tumekaa barazani, yeye akichambua mchele, nikamweleza kwamba nachunguza maradhi ya nafsi ya msichana aitwaye Rosa, na kwamba nimegundua jinsi alivyokuwa akiamka usiku akiwa na miaka mitatu kumsikia babake akimpiga mamake, na jinsi usiku huo ulivyomharibu. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huyo Rosa yuwapi sasa?" Nikamjibu kwamba yumo riwayani. "Basi yumo chuoni tu," akasema. "Hayo ya miaka mitatu yameandikwa?"

Kwa Kiswahili cha bibi, chuo ni kitabu. Hayakuandikwa. Nilikuwa nimeyabuni mimi, kwa sababu nadharia ilinifundisha kwamba mambo makubwa ya mtu hutokea utotoni, na mwandishi hakunipa utoto wa kunitosha, nami nikamtengenezea Rosa utoto mwingine. Mgonjwa aliye mbele ya daktari ana utoto hata kama hajausimulia; anaweza kuulizwa, akakumbuka, akakataa, akanyamaza. Mhusika hana kitu nje ya maneno yaliyochapishwa. Katika elimu ya uhakiki jambo hili lilisemwa zamani: mwaka 1933 mhakiki Mwingereza L. C. Knights alichapisha insha ambayo jina lake ni swali, kwamba Lady Macbeth alikuwa na watoto wangapi, akiwapinga waliokuwa wakimchukulia mhusika wa tamthilia ya Shakespeare kama jirani yao ambaye habari zake zinaweza kupelelezwa.

Je, basi nadharia haifai kabisa kwa fasihi? Niliogopa hivyo kwa wiki kadhaa, nikafikiria kuiacha. Kilichonirudisha ni kazi ya Freud mwenyewe ya mwaka 1907 juu ya Gradiva, kisa cha mwandishi wa Kijerumani Wilhelm Jensen, na ningependa kila mwanafunzi aanzie hapo kabla ya kugusa muhtasari wowote. Katika kisa hicho mtaalamu wa mambo ya kale aitwaye Norbert Hanold anaipenda sanamu ya kuchongwa ya mwanamke anayetembea, anampa jina la Gradiva, maana yake yule anayetembea, na kwenda kumtafuta katika magofu ya Pompeii. Huko anakutana na mwanamke aliye hai, naye ni Zoe Bertgang, msichana aliyecheza naye utotoni na ambaye amemsahau. Jina la ukoo la Zoe, ndani yake, lina maana ya mwendo unaong'aa. Hanold alidhani amebuni jina jipya, kumbe alikuwa akilitafsiri jina alilolisahau. Tazama ushahidi huo ulipo: katika jina, katika mwendo, katika ndoto zilizoandikwa na mwandishi. Freud alijua vizuri kwamba anachambua ndoto ambazo hazikuotwa na mtu yeyote, na alilisema hilo mwanzoni kabisa. Nguvu ya kazi hiyo inatokana na kwamba kwa sehemu kubwa inakaa juu ya maneno ya kisa, ikiuliza kwa nini jambo hili limerudiwa, kwa nini lile limesahauliwa.

Nilirudi kwenye sura yangu nikiwa na nguvu mpya, nikaanza kujibu yale maswali 31 moja baada ya jingine. Niliweza kujibu tisa. Kumi na saba niliyafuta pamoja na sentensi zilizoyaleta. Manne yalihitaji kuandikwa upya. Likabaki moja, la ukurasa wa 62, ambalo msimamizi alikuwa ameliongezea maneno mengine: "Baba huyu simwoni riwayani."

Katika ukurasa huo nilikuwa nimeandika kwamba hofu ya nyumba nzima inaonekana kila Zakaria anaporudi, anapogonga viatu vyake kizingitini mara tatu kabla ya kuingia, na mabinti wanaponyamaza wakisikia mlio huo. Niliichukua riwaya nikaipekua jalada hadi jalada. Nikaipekua tena. Viatu hivyo havimo. Ilikuwa saa nane ya usiku na umeme umekatika, ninasoma kwa mwanga wa simu, ndipo nikasikia viatu vile kwa sikio la ndani, nikavijua. Baba yangu alifanya kazi bandarini Kilindini kwa miaka 29, na akirudi zamu ya usiku alikuwa akigonga buti zake kizingitini, mara tatu, kuangusha vumbi. Sisi watoto tulikuwa tukinyamaza. Nikiwa darasa la nane aliona kijibarua katika daftari langu, cha mvulana ambaye hata jina lake sikuwa nikilijua sawasawa, akanipiga kwa mshipi mpaka bibi akaja kunishika. Kwa miezi saba nilikuwa nikiandika juu ya baba yangu na kumwita Zakaria.

Freud na wenzake walikuwa na jina la jambo hili. Mgonjwa humletea daktari hisia ambazo asili yake ni za mtu mwingine, baba au mama, akampenda au kumchukia daktari kwa niaba ya mtu huyo. Na kuanzia mwaka 1910 Freud alionya kwamba daktari naye humletea mgonjwa mambo yake, na asipoyatambua hatamsikia mgonjwa kamwe. Nilikuwa nimeliandika onyo hilo katika sura ya pili, kwenye mapitio ya nadharia, kwa sentensi safi kabisa, wala sikudhani kwamba linanihusu mimi msomaji. Ninalisisitiza hili kuliko yote mengine niliyoyasema. Mhakiki anayetumia nadharia hii yumo ndani ya uchambuzi, na pale ambapo hukumu yake ni kali mno, au huruma yake ni nyingi mno, ndipo apekue kurasa kwa makini zaidi.

Wiki mbili sikuandika kitu. Nilikuwa nikivuka feri kwenda Likoni kazini asubuhi na kurudi jioni, nikifundisha, nikisahihisha, na tasnifu ikiwa kwenye begi bila kufunguliwa. Nilihisi aibu, na pia woga kwamba nimeharibu jambo lisilotengenezeka. Kilichonifungua ni sentensi moja katika ile mihadhara ya mwaka 1933, ambapo Freud anasema kwamba supaego ya mtoto haijengwi kwa mfano wa wazazi wake, hujengwa kwa mfano wa supaego ya wazazi wake. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye feri, nikaisoma tena, nikapitwa na abiria wote walioshuka. Maana yake ni kwamba sheria inayomponda mtoto ni kongwe kuliko mzazi anayeitekeleza. Zakaria hakuitunga. Aliipokea, akashindwa kuitimiza katika maisha yake mwenyewe, akamkabidhi bintiye aitimize kwa niaba yake.

Jumapili iliyofuata nilimwuliza baba, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, babake alikuwa mtu wa namna gani. Aliniambia mambo ambayo hayakuwa ya tasnifu na hayatakuwa ya maandishi haya pia. Niliporudi mezani niliweza kumwandika Zakaria bila kumchukia.

Namna nilivyofanya kazi kuanzia hapo ni rahisi, na inaweza kufuatwa na yeyote. Nilinunua daftari la kurasa 200, nikaligawa kila ukurasa kwa mstari wa wima. Upande wa kushoto niliandika maneno ya riwaya yenyewe pamoja na nambari ya ukurasa. Upande wa kulia niliandika swali tu, bila jibu. Istilahi ya nadharia ilipigwa marufuku katika daftari hilo hadi niimalize riwaya nzima. Nilitafuta yaliyorudiwa, yaliyopitwa haraka na msimulizi, yaliyosemwa na mhusika kisha yakakanushwa na matendo yake, na mahali ambapo mtu alinyamaza palipotarajiwa aseme. Hakikisha pia unatumia toleo moja tangu mwanzo: nilikuwa na nakala mbili za matoleo tofauti, moja ya nyumbani na moja ya kazini, na nambari za kurasa hazikulingana, kosa lililonigharimu siku nne za kurekebisha marejeo.

Baada ya daftari kujaa nilichagua dhana tatu tu kutoka kwenye nadharia, ingawa sura yangu ya kwanza ilikuwa nazo 14, zikiwemo karibu njia zote za nafsi kujikinga ambazo Anna Freud, bintiye Freud, alizikusanya katika kitabu chake cha mwaka 1936. Dhana nyingi hufanya kila kitu kiwe na jina na kisiwe na maelezo. Dhana iliyozaa matunda kuliko zote niliikuta katika makala ya mwaka 1916, ambamo Freud anajadili wahusika wa Shakespeare na Ibsen pamoja na wagonjwa wake. Anasema kuna watu wanaotenda kosa kwa sababu tayari wana hatia moyoni. Hatia inatangulia, kosa linafuata, na wakishalitenda wanapata nafuu fulani kwa kuwa sasa hatia yao ina mahali pa kutundikwa. Nilipoyasoma hayo nilirudi kwenye barua ya Charles. Rosa anaadhibiwa kama mwanamke aliyeanguka wakati hajafanya lolote zaidi ya kuandikiwa barua. Katika shule ya wasichana baba hayupo, lakini hofu ipo; sheria imekwisha kuhama kutoka mkononi mwa baba hadi ndani ya binti. Je, yaliyotokea Morogoro ni uhuru, kama nilivyoandika mwanzoni, au ni mtu aliyekwisha kuhukumiwa ambaye sasa anaitafutia hukumu hiyo kosa lake? Na Charles anapomkataa, anazungumza kwa sauti ya nani? Hapo ndipo ile tofauti kati ya lawama inayomrudisha mtu na lawama inayomwangamiza ilipopata mahali pake, na sura ikaanza kuandikika.

Katika makala hiyohiyo Freud anafika kwa Lady Macbeth, anajaribu kueleza kwa nini mwanamke mwenye moyo mgumu namna ile anavunjika baada ya kufaulu, na anakiri kwamba hawezi kulitatua jambo hilo kwa uhakika. Kukiri huko kulinipa ruhusa ya kuacha maswali mawili ya Rosa bila majibu. Watahini hawakulalamika.

Kwa upande wa gharama, nisifiche. Kuandika upya kulinichukua mihula miwili zaidi, na karo yake niliilipa kwa mkopo wa chama cha akiba cha walimu ambao bado ninaukatwa mshahara. Kuchapa kurasa 214 kwa shilingi 10 kila ukurasa, nakala tano, kulikuwa shilingi 10,700, kabla ya kujalidi. Na nilichapa mara mbili, kwa kuwa nilikimbilia kuchapa kabla msimamizi hajaidhinisha mabadiliko ya mwisho. Usichape mpaka uwe na idhini yake kwa maandishi.

Siku ya utetezi swali la kwanza lilikuwa lile nililoliogopa: nadharia iliyozaliwa Vienna kutokana na wagonjwa wa huko inamhusu nini binti wa Ukerewe? Nilibabaika mwanzoni, nikanywa maji, kisha nikajibu. Nilieleza kwamba swali hilo ni la zamani kama nadharia yenyewe. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyekaa na watu wa visiwa vya Trobriand ambako nasaba hufuata upande wa mama, alionyesha mwaka 1927 kwamba huko mwenye mamlaka juu ya mtoto ni mjomba, na kwamba uhasama ambao Freud aliuona kati ya mwana na baba unaelekezwa kwa mjomba huyo. Frantz Fanon, daktari wa maradhi ya akili kutoka Martinique, aliandika mwaka 1952 kwamba kisa cha Oedipus, yule wa hadithi ya Kigiriki aliyemwua babake na kumwoa mamake bila kujua, ambacho Freud alikitumia kueleza uhasama huo, hakizielezi familia za visiwa vya Antilles huko Karibiani, na kwamba majeraha ya nafsi ya mtu mweusi aliyetawaliwa hayawezi kusomwa kana kwamba yalianza na kuishia ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo mtafiti wa Kiafrika asianze na Oedipus. Aanze kwa kuuliza, katika nyumba hii iliyoandikwa, nani ameshika fimbo, nani alimpa, na mtoto anaisikiaje hata wakati haipo. Mtahini mmoja aliniuliza kama swali hilo linafaa pia kwa nyumba za Mombasa. Nilimjibu kwamba linafaa, lakini tasnifu yangu ni ya Rosa.

Nilipita kwa masahihisho madogo ya wiki sita. Siku hizi wanafunzi wawili watatu wa chuo hunijia nyumbani Jumamosi, wakiwa na majedwali yao ya idi, ego na supaego, nami huwapa chai, kisha nawatolea sura ya nne ya kwanza, ile yenye wino wa kijani. Ninawaachia waisome wenyewe hapo barazani. Ukurasa wa 62 sikuutoa. Aghalabu wanapofika hapo huinua macho wakaniuliza viatu hivyo vimetoka wapi.